Mpagazi Aliyechorwa kwenye Jiwe

Ukoo wake siujui vizuri na sijawahi kuuliza. Marangu wamejaa watu wanaoweza kukutajia babu zake mmoja mmoja bila kumeza mate, kawaulize wao. Habari yangu mimi inaanzia siku alipoingia dukani kwangu, Moshi mjini, bomba la kadibodi kwapani, koti limeisha viwiko, akasimama mlangoni akinusa kama paka aliyehamishwa nyumba.

"Binti," akasema, kabla sijafungua mdomo, "humu ndani kuna mtu amekaanga vitunguu."

"Nimekaanga mimi, mzee, tena jana. Shikamoo."

"Marahaba. Jana asubuhi au jana jioni?"

Nikasema moyoni, leo nimepata mteja wa shida. Duka langu ni la fremu na vioo, nimelirithi kwa baba yangu, na wateja wa shida nawajua kwa mwendo tu. Nisichokijua siku ile ni kwamba huyu nitakuja kumstaajabia maisha yangu yote. Na mimi, wanaonijua watakwambia, si mtu wa kustaajabu ovyo.

Mjini tulimwita Muonjaji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kahawa ikishuka kutoka mlimani, kabla ya kwenda mnadani, lazima aitie mdomoni mtu anayeijua. Vikombe vinapangwa kwenye meza ndefu, yeye anapita na kijiko, anachota, anaivuta kwa kishindo mpaka unadhani amepaliwa, anaizungusha mdomoni, anaitema, anasema neno moja. Neno lile ndilo lililoamua kahawa ya wakulima wa Kibosho, Kilema na Marangu iende meza gani. Niliwahi kwenda kumwona akiwa kazini, nikasahau kilichonipeleka. Wanunuzi wazima, wenye suti, walikuwa wamesimama kimya wakisubiri mzee mmoja ateme.

Kwa ajili ya mdomo ule aliishi kama mwali aliyewekwa ndani. Pilipili hagusi, kitunguu hataki hata kukisikia, sigara usimsogelee nayo, sabuni ya kunukia hainunuliwi nyumbani kwake. Kwenye sherehe za ukoo wakimpa kata ya mbege, ile pombe yao ya ndizi, aliipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akainusa, akampa wa pembeni. Na usije ukadhani nyumbani alikunywa kahawa. Ah wapi! Alikunywa chai ya maziwa, tena nyepesi. Nilipomuuliza alinishangaa. "Dereva wa lori siku ya mapumziko anakwenda kuendesha lori?"

Kuvuta ule mvuto wa kazini hakuweza kuacha. Nilimwalika harusi ya binti yangu, akapewa supu, akaivuta kijiko cha kwanza ukumbi mzima ukageuka. Bwana harusi akaangusha kitambaa. Yeye hakujua kama ametazamwa. Alikuwa bado yuko ndani ya supu. Kisha akasema, "Inachoka mwishoni," na mpishi wangu, mwanamke asiyemwogopa mtu, akaja kuniuliza jikoni kwa siri yule mzee amejuaje kwamba ameongeza maji.

Maneno yake ya hukumu yalikuwa machache: chafu, ina kelele, inachoka. Na la juu kabisa, safi. Hilo alilitoa kwa shida kuliko mtu anavyotoa jino. Alilitumia kwa kahawa, kwa watu, kwa mahubiri. Alikuwa mzee wa kanisa huko kwao, Mlutheri wa kweli, na nasikia mchungaji akimaliza kuhubiri jicho lake la kwanza lilikuwa linamtafuta yeye kwenye benchi. Mimi katika miaka yote ile safi yake niliipata mara moja, kwa fremu ya mvule, nikaenda kuwaringia majirani wiki nzima.

Basi siku ile ya vitunguu akaniambia nioshe mikono. Nikanawa. Akaniambia niikaushe. Nikaikausha kwenye kanga. Akaniambia kanga ina vitunguu, nikanawe tena. Weee! Nilikuwa karibu kumwonyesha mlango. Ndipo akafungua lile bomba na kukunjua karatasi juu ya meza yangu.

Nilidhani ni kalenda. Halafu nikaangalia.

Chumba kidogo, usiku unaingia. Meza ina kitambaa cheupe, mikate miwili imefunikwa, mishumaa miwili inawaka. Mwanamke amejifunga kitambaa kichwani, amefunika macho kwa viganja. Na mwisho wa meza amekaa mwanamume ambaye ni mchovu mpaka unachoka wewe. Ametoka kubeba mizigo. Kamba yake bado iko begani, hajaikumbuka hata kuivua. Mikono ameilaza juu ya kile kitambaa cheupe, mikubwa, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa ashike. Rangi hakuna, ni weusi wa wino na weupe wa karatasi tu, lakini mwanga wa ile mishumaa, haki ya Mungu, uliniangukia usoni.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Wayahudi. Ijumaa jua likizama mama anawasha mishumaa na kuomba, na kazi zote zinasimama." Akainama, akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Na huyu ni baba."

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Mzee, baba yako alikuwa Myahudi?"

"Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema.

Nikamwomba radhi, akakaa kwenye kigoda changu, akanieleza. Baba yake alibeba mizigo ya watalii kupanda Kibo tangu ujana hadi shingo ikakataa. Wageni wale walikuja na kamera. Walipiga picha mlima, wakapigana picha wao kwa wao, wakapiga picha maua. "Baba yumo kwenye picha zao nyingi tu," akasema, "chini ya mzigo. Sura haionekani." Nyumbani hawakuwa na hata picha moja ya uso wake. Alipokufa, juu ya jeneza waliweka msalaba peke yake, pale ambapo wengine huweka picha.

Ile karatasi alipewa na mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka ng'ambo, Myahudi, ambaye babu yake mwenyewe alikuwa mbeba mizigo sokoni. Mwaka baada ya mwaka mnunuzi yule alimletea Muonjaji zawadi, saa, kalamu, na kila mwaka Muonjaji alimshukuru na kuigawa. Ikawa siku moja akamletea hii. Muonjaji aliishika, akatoka nje ya chumba cha kuonjea, akasimama uani, akarudi, akaitazama tena. Akamwambia yule mgeni, "Usiniletee kitu kingine tena. Niletee hawa."

Ndivyo alivyoanza. Habari ikapita kwa wanunuzi: ukienda Moshi, mzee wa vikombe hataki saa wala pombe, mpelekee picha ya mawe, ya Wayahudi au ya watu walio kazini, yenye saini ya mchoraji. Picha ya mawe ndivyo tulivyoiita sisi. Wenyewe wanasema litografia. Mchoraji anachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe lililosuguliwa, jiwe linaloweshwa maji, linapakwa wino, wino unakwenda kushika palipo na mafuta tu, halafu karatasi inakandamizwa juu yake. Zikishatoka karatasi chache, mchoraji anatia saini kila moja kwa penseli pale chini, na jiwe linasuguliwa tena mpaka linakuwa tupu.

"Lote linafutwa?" nilimuuliza.

"Lote. Hata yeye mwenyewe akitaka kuirudia, hawezi. Zimebaki hizi." Alikuwa akinong'ona, dukani kwangu, mchana kweupe, pikipiki zikipiga honi nje. Nami nikajikuta nanong'ona.

Miaka ikaenda, zikaja nyingine. Wanawake wameinamia vyerehani kwenye chumba chenye dirisha moja. Fundi viatu anapiga nyundo huku kitabu cha sala kimefunguliwa gotini. Mwokaji na mikate iliyosukwa kama nywele. Wazee wawili wanabishana juu ya ukurasa, pua kwa pua. Wafanyakazi wamegoma, wamesimama kwenye theluji, mikono kwapani. Nilizifremu zote. Na kila fremu ilikuwa ugomvi. Gundi hataki, selotepu ni tusi, kadibodi ya kuzunguka picha lazima iwe isiyo na asidi, alikuwa akiagiza kwa wanunuzi walewale. "Mzee," nilimwambia siku moja nimeshika kiuno, "mimi nimefremu marais!" Akajibu kwa upole, "Marais wanachapishwa tena, binti."

Dukani kwangu Ayatul Kursiy inaning'inia pamoja na Yesu mchungaji na kondoo wake, hatuna neno. Lakini mjomba wangu alipoiona ile ya mishumaa imeegemezwa ukutani inasubiri kioo, akasimama. "Tangu lini duka la marehemu linafanya biashara ya Wayahudi?" Nikataka kufunga duka kwa aibu, maana Muonjaji mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango. Akatoka taratibu, akampa mjomba salamu zote, za nyumba, za afya, za mvua. Kisha akamshika mkono akamsogeza. "Mzee mwenzangu, angalia mikono yake tu. Mengine uyaache."

Mjomba akaangalia. Baba yake, yaani babu yangu mzaa mama, alikuwa kuli wa stesheni hapa Moshi enzi za treni za magunia. Nikamwona anapepesa macho.

"Baba alikuwa anakaa hivihivi akirudi," akasema mwisho. "Mama anamwambia avue kamba, hasikii." Tangu hapo mjomba akawa kila akisikia kuna mpya imeletwa, anavaa kofia na kuja kuiona.

Lakini mzee wetu alikuwa na mambo yake, nisimpambe kama bi harusi. Alikuwa mgumu kwa mgeni. Ukienda kwake Marangu ukategemea soda, utakunywa maji. Sebuleni kwake ukuta mtupu, hata picha yake ya ndoa hakutundika. Picha za mawe aliziweka kwenye chumba cha kati kisicho na dirisha, ufunguo shingoni kwa uzi, kifuani pale ambapo wengine huvaa msalaba. Ukiingia usipumulie karibu. Usinyooshe kidole. Alizisogelea kama alivyosogelea vikombe: anaangalia kwa mbali, anakaribia, anatoka nje kabisa ya nyumba, anarudi. Alisema kahawa ikiwa ya moto inaficha makosa yake, ukitaka kuijua isubiri ipoe, na picha vilevile. Mtu aliyetawaliwa na heshima kiasi hicho kwa mikono ya wafanyakazi, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuruhusiwa kugusa hata fremu. Nilimwambia hivyo mara moja. Alinuna miezi miwili.

Na jambo moja jingine nilitaje, maana ndilo litakalokuja kumgeukia. Vyeti. Watoto wake aliwasomesha kwa kuuma meno, na kila mtoto alipopata cheti, kuanzia cha darasa la saba, alimshika mkono akampeleka mjini kwenye steshenari karibu na stendi, akakipigisha lamineshini. Alisimama pale pale kwenye mashine mpaka cheti kitoke kimeng'aa, bado cha moto. "Karatasi yenye saini," aliwaambia, "usiiache wazi." Vyote vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Nani kwetu hakufanya hivyo? Hata changu cha kuzaliwa kimo kwenye plastiki.

Kwa Wachagga nyumba ya baba humwendea mtoto wa mwisho. Wake alikuwa kijana wa kazi za kompyuta, Dar es Salaam, mpole, anacheka haraka, anapenda kumfurahisha baba yake na kila siku anakosea kidogo. Muonjaji alipoanza kuzeeka akaanza kuja dukani bila kazi, anakaa, anashusha pumzi.

"Kihamba nitampa. Migomba, kahawa, nyumba, ndiyo desturi, na anastahili. Lakini hawa?" Alikuwa anawaita hawa, hakuwahi kusema hizi. "Anaingia chumbani anatoka, kama mtu anayetafuta funguo. Hawatazami." Yule mnunuzi, ambaye naye sasa alikuwa mzee, alikuwa ameshamwambia kuna makumbusho kwao yatakayozipokea zote kwa mikono miwili. "Nikiwapeleka huko watatunzwa," akasema. "Lakini baba nitakuwa nimemtoa tena mlimani abebwe na wageni." 

Ikaja Desemba moja yenye mvua zisizotaka kukatika. Mnajua Desemba ya kwetu, barabara ya Marangu inajaa magari kutoka Dar, kila mtu anarudi kwao na mbuzi anamsubiri. Kijana akarudi. Akamsikia baba yake akilalamika kwamba unyevu umeingia chumba cha kati, na kwenye ile ya mishumaa, pembeni, kuna madoa ya kuvu. Mzee hakulala kwa ajili ya madoa yale.

Siku chache kabla ya Krismasi kijana akaingia dukani kwangu, uso unang'aa.

"Dada, shikamoo. Nataka hii uirudishie fremu. Alivua ufunguo akioga, nikaichomoa. Nataka kumshtukiza mzee."

Akaiweka mezani. Inateleza. Inawaka kama sahani. Yule mama na mishumaa yake, yule mpagazi na kamba yake, wamo ndani ya plastiki.

Niliipindua nikatazama nyuma, nako plastiki. 

"Umefanya nini, mdogo wangu?"

"Nimeilinda," akasema. "Kuvu haiingii tena." Halafu akaniona uso. "Dada? Si unaweza kuitoa ukitaka?"

Nikamweleza. Kwamba plastiki ile imeyeyushwa kwa moto ikaingia kwenye karatasi. Ukiivuta, wino unakuja nayo, saini inakuja nayo. Kwamba jiwe lilishafutwa zamani. Nilimweleza kwa ukali, sitaki kudanganya, mpaka nilipomwona anatafuta mahali pa kushika. Akalia pale dukani, mwanamume mzima na viatu vyake vya Dar, wateja wanaingia wanatoka. Astaghfirullah, nami nikalia. Nilimlilia yule mpagazi, na nilimlilia mzee, na huyu mtoto aliyetaka jambo moja tu zuri.

Akasema lazima apeleke isale. Kwao isale ni mmea wa mpakani mwa kihamba, una majani marefu. Mkosaji akimtuma mtu na jani lake lililofungwa fundo, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu. Na anayelibeba anatakiwa awe mtu ambaye mwenye nyumba anamheshimu.

"Utalibeba wewe, dada."

"Mimi? Mwislamu wa mjini? Tafuteni mzee wenu!"

"Wewe hatakufokea."

"Amenifokea miaka yote!" nikasema. Lakini nilikuwa nimeshachukua mtandio.

Tulipanda siku ya pili ya Krismasi. Uani ukoo umejaa, moshi wa nyama, watoto wanakimbizana kwenye migomba. Tulimkuta mlangoni mwa chumba cha kati, ufunguo mkononi. Alikuwa ameshaona ukuta una nafasi tupu. Alinitazama mimi, akatazama lile jani, na nikaona mdomo ule uliohukumu kahawa ya mlima mzima unatetemeka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikampa isale kwa mikono miwili. Kijana akaweka picha juu ya meza na kurudi nyuma. Mzee akaitazama kwa mbali. Akakaribia. Akatoka, akapita katikati ya ndugu zake bila kuwaona, akasimama kwenye mibuni huko chini, sisi tukamsubiri. Akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaigusa, akapitisha kidole gumba juu ya mahali pa saini. Palikuwa laini tu.

"Kwa nini?" Hakupaza sauti.

"Baba," kijana akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinishika mkono tukaenda stendi, ukasema karatasi yenye saini usiiache wazi. Mimi niliona hii ndiyo karatasi unayoipenda kuliko vyeti vyetu vyote."

 Mzee akaenda chumbani kwake, akarudi na lile sanduku la bati, akakaa nalo magotini. Hakulifungua. Alikaa tu amelikumbatia, machozi yanamtiririka wazi, ndugu wanachungulia kutoka uani.

"Isale nimelipokea," akasema. "Nimekusamehe mbele ya dada yako huyu. Lakini msiniambie nisiumie. Na lililobaki nitalisema likipoa. Sasa hivi bado ni la moto."

Lilichukua muda kupoa. Baada ya Pasaka akanipigia simu, sauti kavu, nimtengenezee kreti za mbao za kusafirishia picha zote. Sikuuliza zinakwenda wapi, nilijua. Nilizitengeneza vizuri kwa sababu sijui kutengeneza vibaya, lakini kila msumari nilioupiga nilikuwa namnung'unikia. Nilikuwa na hasira na mzee, na kijana, na huyo aliyebuni plastiki.

Masika yalikuwa yamekolea nilipozipandisha Marangu kwenye pikapu. Nyumbani kimya, chumba cha kati kimefungwa. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akaniambia mzee yuko chini barabarani, kwenye banda la maziwa, siku hizi yuko huko kila jioni wagumu wakishuka.

Wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, koti lilelile, na banda limejaa vijana waliotoka mlimani, wamelowa, tope hadi magotini, mizigo chini. Nikatazama wameshika nini. Mtume! Ile picha ilikuwa inapita mikononi mwao. Vidole vya tope, vidole vya mafuta ya maandazi. Mmoja ameisogeza mpaka puani, anaipumulia.

Na aliyesimama katikati yao, anaeleza, alikuwa mtoto wa mwisho. Alikuwa ameacha Dar, kazi yake ya kompyuta anaifanyia pale pale nyumbani. Shingoni mwake, juu ya fulana, ulining'inia ule uzi na ule ufunguo.

"Huyu mama halii," alikuwa anasema. "Amefunika macho anaomba. Kwao Ijumaa ikifika jioni kazi inasimama. Hata mbeba mizigo siku hiyo anakaa mezani kama mfalme."

"Mbe, bwana, Ijumaa kazi inasimama?" akasema mgumu mmoja. "Waje watufundishie makampuni yetu!" Banda likacheka. Lakini mwenzake, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, hakucheka. Alikuwa ameinamia picha. Akavuta shati, akaonyesha juu ya bega lake, mahali ambapo mkanda wa mzigo umekula ngozi, kisha akaweka kidole kwenye bega la yule wa kwenye karatasi. "Aliyechora huyu," akasema, "alimwona."

Kijana akawaeleza jiwe, na mafuta, na wino, na jinsi jiwe linavyofutwa. Hakukosea popote. Ni wazi alikuwa amezitazama, moja moja, kwa mbali na kwa karibu, kwa miezi. Nikamgeukia mzee. Alikuwa amefumba macho, mdomo unazunguka polepole, kama ana kitu ndani yake.

"Safi," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini mtoto alisikia. Aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nikamsogelea, nikampa shikamoo, nikamwambia kreti ziko juu kwenye gari. "Kreti?" Akakuna kidevu. "Mpe kijana afugie kuku." Kreti zangu jamani, za mninga! Nikafungua mdomo nimpashe, na hapohapo upepo ukaingia na mvua ukalipiga banda ubavuni.

Yule mwenye mvi alikuwa amesimama ukingoni, picha mikononi. Maji yakaiangukia, yakatiririka juu ya mishumaa, juu ya mkate, juu ya mabega ya yule mtu na kamba yake.  Miaka yote ile ya kunawa mikono! Nilivua mtandio nikakimbia kwenda kuifuta.

Mzee akanishika mkono.

"Mwache, binti," akasema. "Mvua baba ameizoea."